Dirisha Jipya kwenye Ukuta wa Zamani: Ulizeni Linashikwa na Nini

Maelezo ya afisa wa majengo kwa wakazi wa Kaunti ya Mombasa kuhusu kubadilisha madirisha, jinsi yalivyotolewa barazani

 

Mombasa nzima, kuanzia Likoni hadi Kisauni, kutoka Mvita hadi Jomvu, watu wanatoa madirisha ya chuma yaliyoliwa na kutu na kutia mapya. Wengi wanatia ya alumini, wengine mbao, wengine chuma tena. Ni hatua nzuri. Lakini mkimuuliza mtu aliyemaliza kazi juzi, atawaambia rangi ya alumini na unene wa kioo, na pia kama kinafunguka kwa kusukuma au kwa kuteleza. Muulizeni fremu imeshikwa na nini ukutani. Hapo atanyamaza, au atasema, "Fundi ndiye anayejua." Swali hilo ndilo la kuuliza kabla ya mengine yote.

Fremu isiposhikwa vizuri, watu wa aina tatu wako hatarini. Wa kwanza ni mpita njia, hasa kwenye barabara zetu nyembamba zenye nyumba za ghorofa pande zote mbili. Wa pili ni mtoto anayepanda kwenye kiti na kuegemea dirisha. Wa tatu ni nyinyi mnaolala ndani, kwa sababu mwizi hana haja ya kuvunja kioo ikiwa fremu nzima inang'oka kwa mtaimbo.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Kioo cha unene wa milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la mita 1.2 kwa mita 1.2 lina kioo cha karibu kilo 22, kabla hatujapima fremu. Sasa ongezeni upepo. Dhoruba ya kasi ya kilomita 108 kwa saa husukuma dirisha hilo kwa nguvu ya kama kilo 80. Tena upepo hausukumi mara moja ukaondoka. Husukuma, huachia, kisha huvuta, usiku kucha. Kama fremu imeshikwa na misumari minne tu, kila msumari unabeba kilo 20 kwa mtikiso. Msumari haukuundwa kwa kazi hiyo. Utalegea kidogo kidogo, na plasta itaficha ulegevu huo mpaka siku ya kishindo.

Ukuta kwanza, duka baadaye

Neno langu kubwa leo ni hili: ukuta ndio unaochagua kishikio. Duka halijui ukuta wako. Fundi naye hawezi kuujua kwa kuutazama juu ya rangi na plasta. Kwa hivyo kabla ya kulipa chochote, mpeni ruhusa abandue plasta upana wa kiganja kuzunguka dirisha la zamani, mwone kilicho chini.

Kisha fanyeni majaribio matatu. Gongeni ukuta kwa nyundo ndogo: mlio mkavu ni dalili ya ukuta mzima, mlio wa mtungi mtupu ni dalili ya uwazi ndani au plasta iliyoachana na jiwe. Chukueni msumari muusukume kwa mkono kati ya jiwe na jiwe: ukiingia kama kwenye mchanga, udongo wa kuunganishia umekufa na hauwezi kushika kitu. La mwisho, tobolewe tundu moja la kujaribia na mtazame vumbi. Vumbi jeupe au la rangi ya maziwa ni la matumbawe au chokaa. La kijivu ni la simiti. Jekundu au la kahawia ni udongo. Na kama drili inaruka mbele ghafla, mmefika kwenye uwazi wa bloki ya tundu.

Hapa kwetu mtakutana na kuta za aina tano.

Ya kwanza ni ukuta wa mawe ya matumbawe yaliyochongwa machimboni. Jiwe hili halina uwazi mkubwa ndani, lakini ni laini na lina vitundu vidogo. Ukingo wake hupasuka upesi. Hapa drili izungushwe bila kugonga. Drili ikigonga, tundu hutanuka na skrubu huzunguka bila kushika. Msikubali bolti za chuma zinazotanuka karibu na ukingo, kwa sababu bolti ya aina hiyo hushika kwa kusukuma jiwe kila upande, na jiwe laini hujibu kwa kupasuka. Fremu ikae katikati ya unene wa ukuta. Katika ukuta wa inchi 6, hiyo ni kama sentimita 7 na nusu kutoka kila ukingo, na ni nafasi ya kutosha kwa plagi ndefu ya plastiki na skrubu yake.

Ya pili ni ukuta wa bloki za simiti. Bloki isiyo na tundu haina shida. Plagi ndefu au skrubu ya fremu hushika. Tatizo ni bloki ya tundu, maana ngozi yake ni nyembamba na nyuma yake hakuna kitu. Plagi ya kawaida itaingia, itazunguka, na fundi atasema imekaza. Njia ya uhakika ni kuvunja uso wa bloki mahali pa kishikio, kujaza uwazi kwa zege, kuacha ikomae, ndipo kutoboa. Njia nyingine ni gundi ya nanga inayosukumwa ndani ya kifuko cha wavu, ambacho huizuia isimwagike ndani ya uwazi.

Ya tatu ni zege lenyewe, yaani nguzo na linta. Zege ni rafiki. Hapa drili igonge, na skrubu ya fremu ya milimita 7.5 huingia katika tundu la milimita 6 bila plagi. Sentimita 4 ndani ya zege yenyewe zinatosha. Plasta haihesabiwi. Kama drili inasimama na kutoa unga wa chuma, imegusa nondo. Hamisheni tundu. Msikate nondo ya linta kwa ajili ya dirisha.

Ya nne ni ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji wa Kale. Ukuta huu una mawe ya kila umbo, na chokaa kati yake. Simiti kali ikitiwa humo hufungia unyevu ndani, na jiwe la kando huanza kumomonyoka. Kazi ya kuziba ifanywe kwa chokaa, na kishikio kiingie ndani ya jiwe zima, si kwenye chokaa. Tena Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi. Kabla ya kung'oa dirisha la mbao la miaka mingi na kutia alumini, fikeni kwanza ofisi ya uhifadhi mpate ushauri.

Ya tano ni nyumba ya fito na udongo. Msitie skrubu kwenye udongo, hata udongo ukiwa umepakwa plasta ya simiti. Tengenezeni fremu ya nje ya mbao ngumu, iliyopigiliwa au kufungwa kwenye nguzo za nyumba, kisha dirisha lishikwe na hiyo mbao. Nguzo ndizo zinazosimamisha nyumba, na nguzo ndizo zitakazoshika dirisha.

Vishikio na kazi zake

Mtu ataniuliza, "Sasa mimi mwenye dirisha la chuma nifanye nini, na mwenye la alumini afanye nini?"

Dirisha la chuma na grili hushikwa vizuri zaidi na vishikio vya bapa vilivyochomelewa pembeni mwa fremu, vyenye ncha iliyopasuliwa kama mkia wa samaki, na kuzikwa ukutani. Shimo la kila kishikio liwe na kina cha kama sentimita 10 hadi 15, lisafishwe vumbi na kuloweshwa maji, halafu lijazwe zege ya kipimo cha simiti moja, mchanga mbili na kokoto ndogo nne. Zege ikishatiwa, fremu iachwe na mihimili yake. Imwagiwe maji kwa siku 7. Katika siku hizo hupata kama theluthi mbili ya nguvu inayofikia siku ya 28. Anayefungua na kufunga dirisha jioni ileile anavunja kazi yake mwenyewe.

Fremu ya alumini haizikwi kwenye simiti mbichi. Simiti mbichi ina ukali unaoila alumini. Hii hushikwa na skrubu ndefu zinazopita ndani ya fremu hadi ukutani, au na vipande bapa vya chuma kisichoshika kutu vinavyotoka ubavuni mwa fremu na kukazwa ukutani. Upande wa chini, vipande bapa ni bora kuliko skrubu, kwa kuwa kila tundu kwenye reli ya chini ni mlango wa maji ya mvua.

Fremu ya mbao hushikwa na skrubu au bolti ndefu. Kichwa chake kizamishwe ndani ya mbao na kufunikwa kwa kizibo cha mbao. Upande unaogusa ukuta upakwe dawa ya mchwa na rangi kabla ya kusimamishwa, maana baadaye hakuna brashi itakayofika huko.

Na povu? Povu la kujazia lina kazi yake, nayo ni kujaza nafasi. Povu halishiki dirisha. Silikoni vilevile huzuia maji, haibebi uzito. Fundi akiwaambia povu linatosha, mtafuteni mwingine.

Idadi na nafasi

Kanuni ni rahisi kukumbuka. Kishikio cha kwanza kiwe sentimita 15 hadi 25 kutoka kona. Kati ya kishikio na kishikio pasizidi sentimita 60. Chukueni lile dirisha letu la mita 1.2. Mkiweka viwili tu kila upande, sentimita 20 kutoka kona, kati yake patabaki sentimita 80, nazo ni nyingi mno. Kwa hivyo kila upande unataka vitatu, jumla 12. Zile kilo 80 za upepo zikigawanywa kwa 12, kila kishikio kinabeba chini ya kilo 7. Huo ni mzigo ambao kishikio kizuri kinauweza miaka mingi.

Fremu nayo iwe ndogo kuliko tundu la ukuta. Pimeni upana mahali patatu, juu, katikati na chini. Pimeni urefu vilevile mara tatu. Chukueni kipimo kidogo kuliko vyote. Kila upande pabaki nafasi ya milimita 5 hadi 10. Penye kila kishikio patiwe kabari ya plastiki, ili skrubu ikikazwa isiipinde fremu. Vipande vya mbao laini vitaliwa na mchwa au kuoza, na siku hiyo fremu itaanza kucheza. Kabla ya kukaza mwisho, fundi atumie pima maji na timazi, kisha apime kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu iko mraba.

Fremu pia isibebeshwe ukuta. Mkitoa dirisha la zamani mkaona mawe ya juu yanaanza kushuka, au hakuna linta, simamisheni kazi. Hilo si jambo la fundi wa madirisha.

Chumvi haina huruma

Sisi ni watu wa pwani. Upepo wa kusi na wa kaskazi, yote miwili inatuletea chumvi. Skrubu ya kawaida iliyopakwa zinki hung'aa dukani, lakini karibu na bahari haidumu. Ikiwa ndani ya alumini ni mbaya zaidi, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, moja huila nyingine. Tumieni chuma kisichoshika kutu. Kwa nyumba zilizo karibu na maji, ulizeni daraja la 316, ambalo kwenye bolti huandikwa A4. Daraja la 304, yaani A2, ni la mbali zaidi na bahari. Bebeni sumaku ndogo mkienda dukani. Skrubu ikinaswa kwa nguvu, si ile mnayoitafuta. Sumaku haiwezi kutofautisha 304 na 316, kwa hivyo someni pakiti pia.

Msitumie mchanga wa ufuoni kwa zege ya vishikio. Chumvi iliyo ndani yake huila chuma kutoka ndani, mahali ambapo hakuna macho. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana mnaona plasta imepasuka kwenye kona za madirisha mengi ya zamani. Kwa sababu hiyohiyo, vishikio vya dirisha la zamani visiachwe vimechomoza. Vikatwe kwa mashine ya kukatia chuma, angalau sentimita 2 ndani ya ukuta, kisha vizibwe. Kuving'oa kwa nyundo kutavunja ukingo wa jiwe, ule ule mnaoutegemea kwa dirisha jipya.

Grili ishikwe na ukuta

Madirisha mengi ya chuma ya zamani yalikuwa na grili iliyochomelewa kwenye fremu. Mkihamia alumini, grili inabaki bila mwenyeji, na baadhi ya mafundi huifunga kwenye fremu mpya kwa skrubu fupi. Alumini ya dirisha ni nyembamba, mkono wa mtu mzima wenye mtaimbo utaichana. Grili iwe na vishikio vyake yenyewe, vilivyozikwa ukutani.

Lakini ulinzi usigeuke kuwa jela. Moto ukiwaka kwenye mlango, dirisha ndilo njia iliyobaki. Kila chumba cha kulala kiwe na sehemu ya grili inayofunguka kutoka ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaweza kuufikia gizani, lakini mtu wa nje hawezi. Wafundisheni watoto mahali hapo.

Makubaliano na ukaguzi

Kupanua tundu la dirisha, kukata linta au kuvunja ukuta ni kubadilisha jengo, na hilo linahitaji kibali. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kibali hicho hutolewa na kaunti. Mpangaji naye asiguse ukuta bila idhini ya mwenye nyumba.

Katika karatasi ya makadirio ya bei, mwambieni fundi aandike mistari mitatu zaidi: aina ya kishikio, idadi yake kwa kila dirisha, na chuma chake ni cha daraja gani. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi, kwa sababu yule anayeshindana naye kwa bei ya chini mara nyingi ameipunguza bei hapo hapo pasipoonekana. Mkilinganisha bei mbili, hakikisheni zote mbili zinazungumzia vishikio vilevile.

Kubalianeni pia kwamba plasta haitapakwa kabla hamjakagua. Siku ya ukaguzi hesabuni vishikio. Piteni na kalamu, wekeni alama kwenye kila kimoja. Shikeni fremu kwa mikono miwili, vuteni na sukumeni. Isicheze hata kidogo, isilie. Pigeni picha kwa simu, mwihifadhi. Wekeni sehemu ya malipo ya mwisho hadi ukaguzi huo uishe. Plasta ikishapakwa, hakuna atakayeona tena kilichomo.

Kwa nyumba za ghorofa, siku ya kutoa dirisha la zamani, vioo vitolewe kwanza. Chini pazungushiwe kamba na pawe na mtu wa kusimamisha wapita njia. Barabara si ya mwenye nyumba peke yake.

Na mliokwisha badilisha madirisha, msiondoke hapa na wasiwasi mtupu. Leo jioni shikeni kila fremu, mvute na kusukuma. Tazameni kama kuna ufa unaofuata ukingo wa fremu, au doa la kutu linaloteremka kwenye plasta. Ikicheza, wekeni kitanda cha mtoto mbali na dirisha hilo, lisifunguliwe, na mwite fundi aongeze vishikio. Kuongeza vishikio ni kazi ndogo kuliko kununua dirisha lingine, na haiwezi kulinganishwa na gharama ya mtu kuumia.

Mwenye shaka kuhusu ukuta wake afike ofisi ya msimamizi wa wadi, ataelekezwa kwa maafisa wa majengo. Njooni na vipimo na picha ya ukuta uliobanduliwa plasta, ili tuzungumze juu ya kitu tunachokiona.

 Sasa nipo tayari kwa maswali, na mafundi mliopo msinyamaze.